Pasi ya Papa Amisi na Blanketi za Mgongoni

Shanita, wewe unayekaa sasa kwenye mashini yangu, na wenzako wote wa atelie yetu ya ushonaji: mliniomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa, kwa sababu nimestaafu na mnasema nina muda. Muda ninao. Shule ndiyo sina. Niliishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe sikulimaliza vizuri. Mkiona nimekosea, mnyooshe wenyewe. Nilitaka kuandika kwa upole. Nimejaribu, nimechana karatasi, nimejaribu tena, na kila nikifika kwa Papa Amisi upole unanishinda. Sasa nauacha ukae pembeni. Lakini kwanza lazima mjue kazi, maana asiyejua kazi hawezi kujua nani alionewa.

Siku yangu ya kwanza sikupewa mashini. Nilitoka Kinama kwa miguu, nimevaa gauni la dada yangu, nikafika Kamenge, kwenye atelie, nikidhani nitashona. Patroni wetu, Mama Gloriose, mwenye atelie, ambaye wakati ule alikuwa bado kijana na mashini zake zilikuwa za kuhesabu kwa mkono mmoja, akanipa mkasi mdogo na lundo la mashati. Kazi: kukata nyuzi zinazoning'inia. Nilikata nyuzi mpaka nikaziota. Sina manung'uniko kuhusu hilo. Mtu anayekata nyuzi anaona mishono ya wengine yote, mizuri na mibaya, na hakuna anayemwona yeye.

Papa Amisi alikuwa barazani. Wengi wenu hamkumkuta, basi niwaambie. Alikuwa mtu wa Uvira, aliyevuka mpaka kuja huku na familia yake wakati kwao kulipoharibika, na kati ya vitu vichache alivyobeba ilikuwepo pasi ya makaa, ile nzito ya chuma yenye jogoo mdogo wa kufungia kifuniko. Pasi ilikuwa yake mwenyewe, si ya atelie. Alikaa nje kwa sababu ya moshi. Meza yake ilikuwa ubao uliofunikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake. Kila kilichotoka kwenye mashini kiliwekwa katika kapu kubwa karibu na mlango, na yeye alinyoosha mkono akachukua.

Nilipopewa mashini hatimaye, kazi ya kwanza ilikuwa mkono wa shati. Nikashona, nikaweka kapuni, najisifu moyoni. Papa Amisi akaupiga pasi, akautazama kidogo, akaja ndani akaniwekea mapajani.

“Papa, iko nini?”

“Uangalie.”

“Naangalia.”

“Basi endelea kuangalia.”

Akarudi barazani. Niliangalia mpaka nikaona: mshono ulipinda karibu na kwapa. Kabla ya pasi haukuonekana. Nikafumua, nikashona upya, akaurudisha tena. Mara ya tatu hakuurudisha, na hiyo ndiyo sifa niliyopata kwake. Siku nyingine aliniambia, “Mashini inaweza kukuficha, mama. Pasi haifichaka mutu.” Mengi ninayoyajua nimeyapata kwa mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye mashini.

Niseme haki, kwa sababu nikimsifu tu mtasema namlilia. Papa Amisi alikuwa mkali. Hakupenda kuambiwa. Kuna msichana mmoja alimwambia pasi imepata moto sana, akamjibu, “We ulizaliwa lini, na hii pasi ilizaliwa lini?” na kwa wiki nzima alipiga pasi nguo za yule msichana mwisho kabisa. Tangu hapo hakuna aliyemfundisha kazi. Ikawa desturi. Kapu likijaa, yeye anajua. Na desturi nyingine ilikuwa ya atelie yote, ya tangu mwanzo: kitu hakitoki bila pasi. Hata kitambaa cha jikoni, hata kiraka. Kwetu nguo isiyopigwa pasi ilikuwa bado haijashonwa. Mteja akipewa kitu chenye mikunjo, aibu ilikuwa yetu sote, na Mama Gloriose ndiye aliyetufundisha hivyo kwa mdomo wake. Shikeni neno hilo.

Sasa nije kwenye blanketi.

Miaka yangu ya mwisho alikuja kijana anaitwa Gaspard, mwalimu wa michezo katika shule moja. Likizo ya kiangazi alikuwa anachukua vijana kwenda kutembea milimani, siku kadhaa, mzigo mgongoni, wanalala huko huko. Tulipomsikia tulicheka mpaka mashini zikasimama. Mama yangu alipanda milima ile na ndizi kichwani na mtoto mgongoni, na hakuna aliyemshonea blanketi. Lakini Gaspard hakukasirika.

“Mama Devota,” akaniambia, “hapa kiangazi mnatoka jasho. Kule juu, upande wa msitu wa Kibira, usiku iko baridi mpaka meno inapigana. Na blanketi ya kawaida ukiibeba, hakuna nafasi ya chakula.”

Akatoa kimfuko, ukubwa wa kabichi. Akafungua, akatingisha, na ndani yake kikatoka kitu kikaanza kuvimba mbele ya macho yetu kama unga uliotiwa hamira. Blanketi nzima, ya mtu mrefu. Nikaibeba: nyepesi kuliko sweta. Nikaigeuza kuangalia mishono.

“Nani alishona hii?”

“Mi mwenyewe. Nyumbani, na mashini ya mama.”

“Inaonekana.”

Akacheka yeye kwanza. Na mimi niseme haki tena: mishono ilikuwa imelewa, lakini akili ya kitu ilikuwa nzima. Alijifunza kwa kuharibu. Alisema ya kwanza aliyoshona ilikuwa fupi, miguu ikabaki nje.

Nawaandikia jinsi inavyoshonwa, kwa sababu nasikia wateja bado wanawapa komandi hizo. Mteja msimpime amesimama. Mlazeni chini, akunje magoti kidogo kama anavyolala, halafu mpime kutoka kidevuni mpaka kupita vidole vya miguu. Juu mabegani iwe pana, miguuni iwe nyembamba. Haina upande wa chini, na msimshangae mteja kwa hilo: pamba inayolaliwa inabanwa, na ikibanwa haina joto, basi ya nini kuibeba? Chini anatandika mkeka wake, na blanketi inafungwa kwenye mkeka kwa tepe mbili za pembeni ili baridi isiingie akigeuka.

Kitambaa ni nailoni nyembamba, ile inayoteleza kama samaki. Msitumie pini, kila pini ni tundu. Tumieni vibanio vya kuanikia nguo. Sindano iwe nyembamba na mpya, mshono uwe mrefu kidogo, na kitambaa mkishike mbele na nyuma bila kukivuta. Tandikeni uote chini, hiyo pamba ya kiwandani inayouzwa imetandazwa kama shuka. Juu yake nailoni mbili, uso kwa uso. Shoneni kuzunguka, acheni mlango, geuzeni kama foronya, fungeni mlango. Upande wa miguu kunjeni na kushona uwe kama mfuko wa kuingiza miguu. Shingoni pitisheni kamba ya kukaza.

Halafu kuna mafundo. Sisi tulitaka kupiga mistari ya mashini juu yake yote, ya kukata miraba, kwa sababu inapendeza. Gaspard akakataa. Kila mstari ni mahali pamba imekufa, akasema, na baridi inapita hapo hapo. Badala yake mnashika kwa mkono, fundo hapa, fundo pale, uzi mzito, bila kukaza. Fundo linazuia pamba isikimbie, basi. Kitu hiki joto lake ni hewa iliyokaa ndani ya pamba. Ukiibana, umeitoa. Ndiyo maana neno la mwisho la Gaspard kwa Mama Gloriose lilikuwa: “Patroni, tafadhali, pasi isiguse. Joto na uzito vinaiua.”

Alileta kitambaa chake na uote wake, akataka blanketi za kikundi chake chote. Tulishona kwa furaha, sisemi uongo. Kazi mpya inaamsha mikono. Kabla hatujamaliza, shangazi yangu alifariki Kinama, nikaenda msibani. Kwa hiyo yafuatayo sikuyaona. Nimewauliza waliokuwepo, mmoja mmoja, na pale waliposema tofauti nimeliacha jambo hilo nje.

Mama Gloriose alisimama katikati ya mashini akasema, “Hizi za Gaspard zisipigwe pasi, mumesikia?” Wakajibu wamesikia. Walikuwa wote ndani. Papa Amisi alikuwa barazani. Blanketi ya kwanza ilipokwisha, aliyeishona aliiweka wapi? Kapuni, karibu na mlango, mahali ambapo mikono yetu imeweka kila kitu tangu atelie ianze. Wa pili akaweka juu yake. Wa tatu pia. Kila mmoja alidhani kama pasi haitakiwi, bila shaka Papa Amisi ameambiwa na mwingine. Na labda, hilo nalifikiri mimi, kila mmoja alifurahi kudhani hivyo, kwa sababu nani angekwenda kumwambia Papa Amisi asipige pasi? Kama ningekuwepo ningemwambia? Nimejiuliza sana. Sijui.

Basi alifanya kazi yake. Na aliifanya vizuri, hilo ndilo linaloniumiza. Alijaribu moto pembeni kabisa ya kitambaa. Akaona ni nailoni, akalowesha kitambaa cha pamba, akakitandika juu, akapiga pasi polepole, moja baada ya nyingine, akazikunja kama mashati ya harusi, kola kwa kola. Hakuunguza hata moja. Nasema tena kwa wale mlio nyuma: hakuunguza hata moja. Nje zilikuwa nzuri kuliko nguo yoyote. Ndani uote ulikuwa umelala, umekuwa kama karatasi.

Gaspard alikuja kuchukua, vijana wake wakiwa karibu kuondoka. Akafungua ya juu, akaitingisha, akangoja ivimbe. Haikuvimba. Akatingisha tena. Akaiweka mezani taratibu.

“Imekufa,” akasema. “Zote?”

Mama Gloriose akaenda barazani, watu wote nyuma yake.

“Papa Amisi! Nani alikuambia upige hizi pasi?”

Mzee akamwangalia kwa mshangao. “Tangu lini mi naambiwaka?”

“Nilisema zisipigwe!”

“Ulisema kwa nani?”

“Kwa wote!”

“Wote iko ndani, Mama. Mi niko huku inje.”

Hapo pangekuwa mwisho. Mtu mwenye masikio angesikia kwamba hilo ni jibu. Lakini mteja alikuwa amesimama, kitambaa kilikuwa cha mteja, na patroni alikuwa na aibu usoni. Akamwambia mzee yule, aliyemkuta na mashini chache akamfikisha kwenye nyingi, achukue pasi yake aende. Hakumtukana, niseme haki. Alisema “aende” kwa sauti ya chini. Papa Amisi akamwaga makaa, akangoja chuma kipoe, akakifunga kwenye kitambaa chake. Walioniambia wanasema kungoja kule kulikuwa kurefu, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

Nilirudi kutoka msibani nikakuta baraza tupu. Hakuna aliyenitazama. Tulifumua blanketi zote, tukatoa uote uliokufa, tukatia mpya, tukafunga mafundo upya. Nailoni ilikuwa nzima kabisa, kwa sababu ya kitambaa kile chenye maji ambacho mzee alikitandika, na nilitaka mtu aseme hivyo kwa sauti. Nilisema mimi. Mashini zikaendelea kulia.

Vijana walikwenda, wakalala juu kule, wakarudi. Gaspard alikuja kushukuru na akauliza mzee wa pasi yuko wapi. Akaambiwa. Akasimama pale na kofia mkononi.

“Mi sikuomba mutu afukuzwe,” akasema. “Niliomba blanketi.”

Nikamfuata Mama Gloriose kwenye chumba chake. Nilikuwa sijawahi kuingia bila kuitwa.

“Patroni, mzee hakuambiwa.”

“Najua, Devota.”

“Unajua?”

“Kaa chini. Mteja amesimama mbele yangu, kazi yote imeharibika. Nifanye nini? Nifukuze wote? Mutu mumoja alipaswa kuonekana.”

“Kwa nini yeye?”

“Pasi ilikuwa mukononi mwake.”

Nimelifikiria jibu hilo kwa pande zote mbili, kama ninavyogeuza nguo. Kuendesha atelie si rahisi. Wateja wa Mutanga Nord, kwa matajiri, ambao ndio wanaotulisha, wakisikia atelie inaharibu vitambaa, hawarudi. Ana watu wengi wanaomtegemea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Yote hayo ni kweli. Na bado nikigeuza upande wa ndani, naona mshono umepinda. Pasi ilikuwa mkononi mwake kwa sababu sisi tulimtilia kapuni. Kumfukuza siku ile, kwa hofu, ningeweza kuelewa. Kutomwita kesho yake, sielewi mpaka leo.

Lililonitoa machozi lilikuja baadaye. Waliobaki walianza kutumia jina lake. Mtu akikata kitambaa vibaya: “Umefanya Amisi.” Zipu ikikwama: “Hiyo ni Amisi.” Walioanza walikuwa wale wale waliotia blanketi kapuni, na naelewa kwa nini. Jina la mtu aliyeondoka ni mahali pazuri pa kutupia takataka. Ninyi mliokuja nyuma mkalikuta neno, mkalitumia mkidhani ni la kazi, kama pindo na kola. Nilikemea mara nyingi. Mkasema, “Mama Devota, tunacheza tu, sha.”

Mpaka siku mliyoniaga. Fanta, mishikaki, maneno mazuri, kitenge nilichopewa, asanteni. Shanita akamwaga Fanta kwenye kitambaa cha mteja, na atelie yote ikapiga kelele, “Amefanya Amisi!” Mkacheka. Patroni naye akacheka, kidogo.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nikasema, “Mnajua Amisi ni nani?” Mmoja wenu, sitamtaja, akajibu, “Si ni yule mzee aliyeunguza blanketi?”

Mzee aliyeunguza. Yeye, ambaye hakuwahi kuunguza hata kitambaa cha jikoni.

Mama Gloriose akasema, “Mama Devota, leo ni siku yako, tusiiharibu.” Nikamjibu kwamba kama ni siku yangu, basi naomba zawadi moja zaidi: tuende pamoja kwa Papa Amisi. Patroni akaweka chupa yake ya Fanta mezani. Akasema, “Sawa.” Na alitimiza, hilo nalo liandikwe. Jumapili alinifuata, tukaenda.

Anakaa Kinama, kwa binti yake. Macho yamepungua nguvu, lakini shati lake lilikuwa limenyooka, mikono yote miwili ina mstari mmoja mmoja. Alitupokea kwa heshima, akamwita patroni “Mama” kama zamani, akaagiza chai. Mama Gloriose alianza kwa habari za watoto na za mvua, akazunguka, mwisho akasema: “Papa, siku ile hukuambiwa. Nilijua hukuambiwa. Unisamehe. Ukitaka kurudi, nafasi yako iko.”

Binti yake, aliyekuwa anamimina chai, akasimamisha birika.

Papa Amisi akasogeza kikombe chake pembeni. “Kurudi, apana. Macho haitaki. Kusamehe, nilisamehe zamani, hasira inachosha mutu muzee.” Halafu akainua kidole. “Lakini, Mama, nasikia kule jina yangu iko inafanya kazi bila mimi.”

Mama Gloriose akatazama chini.

“Hii maneno umeniambia hapa ndani,” akasema mzee, “siku ile mabaya yangu ulisemea barazani. Na hii semea barazani. Ni hiyo tu. Sitaki kingine.”

Patroni akasema ndiyo. Mbele ya binti, mbele yangu.

Hiyo ilikuwa kabla mvua hazijaanza. Sasa mahindi ya jirani yangu yamefika kiunoni. Nimepita atelie mara kadhaa nikauliza. Shanita, wewe mwenyewe uliniambia: “Apana, Mama, hajasema kitu.” Labda anatafuta siku nzuri. Labda anatafuta maneno, si rahisi, hata mimi nimeyatafuta karatasi nyingi. Simwiti mwongo. Nasema amechelewa, na anayengojeshwa ni mzee ambaye hana miaka mingi ya kungoja.

Kwa hiyo nimeyaandika asiyoyasema Mama Gloriose, na nakala nyingine nimempelekea yeye kwanza, ili asiseme nilimzunguka. Akitaka kusahihisha mahali, asahihishe barazani. Mkishamaliza kusoma, bandikeni karatasi hii mlangoni, juu ya kapu. Papa Amisi hakuambiwa, na hakuunguza kitu. Siku mkiharibu nguo ya mtu, na mtaharibu, kila mkono unaharibu, iiteni kwa jina la aliyeiharibu.